Jinsi Nilivyompeleka Régine kwa Mumewe kwa Gari Lisilokata Kulia

Marafiki wa karakana na wa kwaya, mmeniuliza vya kutosha. Mmoja anataka kujua kama ni mimi niliyeanzisha habari hii ya harusi kuzunguka rond-point ya Likasi, yale makutano ya mviringo. Mwingine amesikia kwamba nilimfukuza dereva wa makala, yaani makaa, kwa wimbo wa kanisa. Wa tatu anaapa kwamba binti yangu alitembea kwa miguu kutoka Likasi hadi Mwadingusha. Lisemwalo lipo, lakini nyinyi mmelipaka rangi mno. Nisikilizeni leo, halafu mniache nimalizie milango ya watu.

Likasi hadi Lubumbashi

Mnajua kwamba Régine ni mtoto wangu wa pekee, na kwamba mama yake alituacha mapema. Mnajua pia kwamba aliposwa na Dieudonné, kijana wa kazi ya umeme huko bwawani Mwadingusha. Msilolijua ni maneno aliyoniambia baba mdogo wa kijana, Papa Mwansa, siku familia zilipokutana kwangu. Alizunguka pikapu yangu, akainama kidogo, akaniita muko, yaani mkwe, akasema mbele ya wote:

"Muko, iyi gari yako inatembea na tumbo. Ku njia ya kwetu itabakia mu kati."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini yaliniingia. Barabara ya kwao kweli ina mgongo katikati, magari mafupi hukwama juu yake yakiwa yananing'iniza miguu. Na kwetu ni baba anayempeleka binti yake. Sikutaka Régine afike kwa wakwe akivutwa kwa kamba. Basi nikaamua kuinua gari, nilitafutie matairi marefu na rimu mpya, ambazo sisi huku tunaziita majante.

Nilitoka siku moja kabla ya harusi, mapema. Nilisimama muda mrefu kwenye kizuizi cha ushuru, nyuma ya malori ya madini yaliyopanga foleni kama watu wa ubatizo. Mwanamke mmoja alikuwa akiuza asali kwenye chupa za bia. Akaniambia kwa uso mkavu kwamba asali yake inatibu kikohozi, wivu na injini inayochemka. Nikanunua chupa kwa ajili ya kikohozi.

Muuza majante anaitwa Papa Radjabu. Ni Mwislamu ambaye wazee wake walitoka upande wa Maniema, na Kiswahili chake kina adabu kuliko chetu sote. Duka lake liko kando ya barabara hiyohiyo ya Likasi, hata kupotea ni kazi.

"Karibu, ndugu yangu. Gari yako ina matundu mangapi?" akaniuliza.

Mimi tayari nilikuwa nimekwisha kupenda. Kulikuwa na jante nyeusi zenye mdomo unaong'aa, unaweza kunyolea ndevu. Lakini zilikuwa na matundu matano, na gari langu lina nati sita kwa kila gurudumu. Nikamwambia si neno, tutoboe tundu moja zaidi. Kwa seremala tundu si kitu cha kufikiria.

"Ndugu," akasema kwa upole, "jante si mbao."

Tukapata nyingine zenye matundu sita. Hapo akaanza kunisomesha namba za ubavuni mwa tairi. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo cha ubavu ukilinganisha na huo upana, ya mwisho ni inchi za rimu inayoingia ndani. Yangu ya zamani yalikuwa 225 na 70 kwa inchi 15. Niliyoyataka yalikuwa 265 na 70 kwa inchi 17. Alikunja uso, akasema niongeze kidogo tu, nisiruke ngazi. Nikatoa futi yangu ya useremala, nikapima nafasi iliyo juu ya tairi, kati yake na bodi. Kiganja kizima na zaidi! Nikamwonyesha. Mlango ukiingia kwenye fremu, umeingia.

Mnacheka, najua. Mimi ambaye kila mteja namuuliza mlango wake utafungukia upande gani, sikufikiri kwamba tairi nalo hugeuka.

Walipokuwa wakifunga, nilikula bukari, ugali wetu, na samaki wa barafu kwa mama wa jirani, pilipili yake ilinitoa jasho mpaka miguuni. Niliporudi gari lilikuwa limesimama juu kama mtu aliyeitwa na kiongozi. Papa Radjabu akaingia, akakata usukani wote kushoto. Hakuna kilichogusa. Mara adhana ya alasiri ikalia.

"Ningojee nitoke kusali," akasema, "kisha tukate na kuume."

Mimi nikaona nachelewa. Kwaya ilikuwa inaningoja kwa mazoezi ya mwisho. Upande mmoja ukiwa mzima, nilijisemea, wa pili utakuwa mzima vilevile, ndivyo Mungu alivyotuumba. Matairi yangu ya zamani nilikwisha kubadilishana na mteja mwingine palepale, na huyo alikuwa amekwenda zake akiimba. Nikashukuru, nikawasha.

Lubumbashi hadi Likasi

Furaha ya njia hiyo sitaisahau. Niliwatazama madereva wengine kwenye utosi. Saa ya mwendo ilisema sitini, lakini nguzo za umeme zilikuwa zinapita kwa haraka ya sabini, kwa sababu tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko na saa haijui. Nilidhani ni injini inafurahia. Na barabara ile, mnaijua, imenyooka. Kona zake ni za kusalimiana tu. Mjini nilikata kushoto, nikakata tena kushoto, na lupango yangu, yaani ua wa nyumba yangu, iko mkono wa kushoto. Nikaingia nikipiga honi. Kwaya ikatoka mbio, sauti ya kwanza ikiongoza.

Dada yangu mkubwa, yaya Véro kama tunavyowaita dada wakubwa huku, ndiye pekee ambaye hakupiga vigelegele. Yeye ni shangazi wa bibi arusi, na shangazi ndiye mwenye sherehe. Akalitazama gari kuanzia chini.

"Papa Régine, bibi-arusi atapanda na ngazi?"

Nikamwambia nitamtengenezea kiti cha kukanyagia. Nikakitengeneza jioni ileile, kwa mninga.

Kutoka lupango hadi rond-point

Asubuhi nikataka kugeuza gari litazame lango. Nikakata kushoto, sawa. Nikakata kulia: krrr! Usukani ukagoma. Nikashuka. Kona ya bampa, upande wa kulia, ambayo niliigonga kwenye nguzo ya karakana zamani, ilikuwa imejikunja kwa ndani. Tairi la zamani halikuijua. Hili jipya liliingia moja kwa moja kwenye chuma. Kona pana lingeweza, lakini kona ya kweli ya kulia, hapana kabisa.

Nikachukua nyundo. Ilikuwa nyundo ya mbao, iliruka ikarudi. Nikatuma mtu kwa fundi wa kuchomelea. Akarudi na habari kwamba mtaa wote hauna umeme tangu jana. Tunaozesha kwa watu wa umeme, na umeme haupo! Wakati huo yaya Véro alitoka na beseni la vyombo kichwani, akanikuta nimelala chini ya gari na suti.

"Unafanya nini pale?"

"Yaya, gari haikate droite," nikamwambia, yaani kulia.

"Basi tukate paka gauche, kushoto tu. Lakini usikie muzuri, mudogo yangu: gari ya bibi-arusi hairudiake nyuma. Hata kidogo."

Hapa lazima niseme kwa nini sikubishana. Yaya Véro alipopelekwa kwa mumewe, gari lake lilirudi nyuma kulipisha trekta. Kabla ya mahindi ya mwaka huo kukomaa, naye alikuwa amerudi kwa baba yetu na godoro lake. Mimi si mtu wa ushirikina, mnanijua. Lakini mtu akiwa na mtoto mmoja, hafanyi majaribio naye. Nilitaka Régine afike na akae. Hilo tu ndilo nililoliomba siku ile: gari liende mbele mpaka mwisho.

Basi tukapanda. Mimi kwenye usukani, Régine katikati na shela yake, yaya mlangoni. Nyuma kulikuwa na akina mama wa kwaya, masufuria, kuku wa kuchoma, chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, na madumu ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Tulitoka kwa kushoto, tukafika rond-point.

Kuingia ni rahisi. Sasa fikirini pamoja nami: kwetu magari hupita kulia, kwa hiyo rond-point unaizunguka ukiwa umekata kushoto. Raha tupu. Lakini kutoka ndani yake ni lazima ukate kulia. Nikafika kwenye njia yetu, nikakata, krrr, tairi likalia, nikaona ninakwenda kupanda ukingo. Nikarudisha usukani, nikaendelea kuzunguka.

"Njia yetu imepita," akasema Régine.

"Nimeiona, mama. Tutaikuta tena."

Tukaikuta tena, tukaipita tena. Kwaya nyuma haikujua kitu. Walidhani nawapa nafasi ya kuonekana na mji, wakapandisha wimbo. Vijana wa pikipiki za abiria wakatufuata, honi juu. Teksi moja ikajiunga. Watu wakatoka madukani. Nilikuwa nimefungua kioo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Ni mila ya Baluba?" akauliza muuza simu.

"Sisi Baluba hatuzungukake," akajibu mama mmoja aliyebeba ndizi. "Iyi ni ya Babemba."

"Ya Babemba? Apana! Beko Basanga bale."

Wakati wanatafuta kabila langu, msafara mwingine wa harusi ukaingia, gari jeusi lenye maua. Dereva wake alitutazama, akaona bila shaka kwamba hajui desturi za mji, akaanza kuzunguka nyuma yetu. Bibi arusi wake alitupungia mkono. Hivyo ndivyo ilivyoanza, marafiki; wala sikuomba kufuatwa.

Yaya Véro alikuwa ameanza kusali rozari kwa sauti. Aliyetuokoa ni mama mmoja, polisi wa barabarani, mwenye filimbi. Alisimama mbele yangu, nikafunga breki.

"Papa, juu ya nini unafunga njia yangu?"

"Mama, gari inakata paka gauche."

"Rudia nyuma basi, unyooshe."

"Gari ya bibi-arusi hairudiake nyuma!" akapaza yaya, na kwaya nzima ikaitikia kama zaburi.

Yule mama alimtazama Régine, akatazama tairi, akaitazama kwaya. Kisha akapiga filimbi, akasimamisha njia zote, pikipiki, malori, hata mtu wa mkokoteni. Akanipa uwanja mzima. Nikaanzia ukingo wa mbali kabisa wa kushoto, nikachora kona pana kama mtu anayegeuza meza ndefu chumbani, nikatoka. Aliyenipigia saluti ya mwisho ni yeye, na mji ukashangilia. Msafara wa gari jeusi niliuacha bado unazunguka.

Buluo na kuendelea

Tulipita Buluo, penye gereza, ambako akina mama walikuwa wakitembea na masufuria yao kuwapelekea ndugu zao wafungwa chakula. Walituona, wakaweka mizigo chini wakatupigia vigelegele, na Régine akalia kidogo. Alisema ni vumbi. Mbele ya hapo lami ikaisha, mgongo wa barabara ukaanza. Gari likapita juu yake bila kugusa. Nikatamani Papa Mwansa aone.

Tukafika mahali ambapo barabara ni tuta jembamba, majani na tope huku na huku. Katikati ya tuta tukakutana uso kwa uso na lori la makala, magunia yamepanda hadi mbinguni. Mmoja lazima arudi nyuma. Dereva alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu. Akapunga mkono nirudi, kwa kuwa mimi ndimi mwenye gari dogo. Ndiyo sheria ya njia.

Yaya Véro akashuka. Sikuwa na la kufanya ila kutazama. Alimweleza habari ya trekta, habari ya godoro, na pengine habari nyingine ambazo hata mimi sizijui, kwa maana alisimama pale mpaka jua likahama.

"Mama, miye niko na muzigo muzito," dereva akasema. "Nikirudia, nitaanguka mu tope."

"Na miye niko na mutoto," yaya akajibu. "Yee akirudia, ataangukia wapi?"

Yule mzee akauliza kama kuna kitu cha kula. Basi tukafungua vyombo palepale juu ya tuta: akala kuku wa wakwe, akala chikanda, akanywa munkoyo, na kwaya ikaona si vizuri mgeni ale peke yake. Sahani ya wakwe ikabaki na shingo na miguu. Alipokwisha kujipangusa, mzee akasema kwamba yeye ana mabinti watano, na mmoja amerudi nyumbani, na sababu yake haijulikani mpaka leo. Pengine ni dereva, akasema. Akapanda lori lake, akaanza kurudi nyuma.

Alirudi taratibu, tuta zima, nasi tukimfuata pua kwa pua. Kwaya iliona ukimya haufai, ikaanza wimbo wa kuingia misa. Mtu akitazama kwa mbali angesema tunamfukuza. Kila gunia lilipotikisika nilifumba jicho moja. Tulipotoka kwenye tuta alituachia njia, akapiga honi ndefu, na Régine akamtupia ua.

Mwadingusha

Tuliingia Mwadingusha jua likiwa limelegea. Familia ya kijana ilikuwa imesimama nje, vitenge vimetandikwa chini kuanzia langoni hadi mlangoni. Lango lilikuwa wazi. Lilikuwa mkono wa kulia.

Njia yenyewe ni nyembamba. Kushoto kuna mfereji wa maji. Mbele kuna geti la chuma lililofungwa, hakuna pa kuzungukia. Nikakata, krrr. Nikajaribu tena, krrr. Pua ya gari ikasimama ikielekea ukuta, na lango liko palepale ubavuni, karibu kiasi cha kusalimiana.

"Ingiza, muko!" Papa Mwansa akaita. "Bibi-arusi anashukiaka mu lupango!"

Nikawaeleza. Wakaja kuangalia tairi, mmoja mmoja, wakwe wote, kila mtu akaligusa. Mmoja akasema nirudi hatua moja tu. Yaya akasema hata nusu hatua. Mwingine akasema waite wanaume wainue mkia wa gari, waupeleke kando. Hapo mabishano yakawa makubwa, kama gari lililoinuliwa linarudi nyuma au linakwenda pembeni. Papa Mwansa alisema kitu kisichogusa ardhi hakina mbele wala nyuma. Yaya alisema bibi arusi hubebwa na gari, gari halibebwi. Wanaume walikwisha kuvua makoti. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nikifikiri kwamba nimemharibia mtoto wangu siku yake kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja na uzuri wa magurudumu.

Régine akavua viatu, akamvuka shangazi yake magotini, akafungua mlango, akateremsha kile kiti cha mninga, akakikanyaga, akashuka barabarani.

"Mutoto, hapana mu njia!" yaya akalia.

"Tantine, nimechoka kukaa," Régine akasema. Akanigeukia dirishani. "Papa, bakia tu na gari yako. Miye miguu yangu inajua kukata droite."

Akakata kulia. Akaingia langoni, akakanyaga vitenge, shela inaburura vumbi la Likasi na Buluo. Mama mkwe akafungua mikono. Akina mama wakapiga vigelegele. Akiwa amefika katikati ya vitenge, Régine akasimama, akageuka, akarudi. Mbio. Alipita lango, akaja mpaka dirishani kwangu, akaingiza kichwa na shela yake yote, akanikumbatia shingo.

"Nilisahau kukuaga," akasema.

Siku nzima nilikuwa nimezuia gari lisirudi hata kidole, na sasa mwenyewe amerudi, mbele ya wakwe wote, kwa ajili yangu. Niliogopa, na nilifurahi kuliko siku yoyote. Nikamwambia aende. Akajipangusa kwa shela, akaenda, na safari hii akafika mlangoni, mama mkwe akamshika mkono, wakaingia ndani.

Nilimtazama yaya Véro, nikingoja aangue kilio. Alikuwa ameshuka, amesimama barabarani na beseni lake kichwani, machozi yanateremka, midomo inatembea kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Kisha akawageukia wakwe, akapaza sauti mpaka geti la chuma likaitikia:

"Mumeona benyewe! Gari haikurudia! Gari haikurudia!"

Papa Mwansa akavua kofia, akasema ni kweli, gari halikurudi, yeye ni shahidi. Kwaya ikapokea neno hilo ikalifanya wimbo, wakaingia nao ndani wakicheza na masufuria. Mimi nikabaki pale njiani, mikono kwenye usukani, nikilia mbele ya watu, wala sikuona haya.